Kibali Kilifutwa 1997, Mbona Bado Tunakiomba?

Wanunuzi wa nyama katika Soko la Burma jijini Nairobi, hata wafurike mpaka Barabara ya Jogoo, hawadaiwi barua na polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inaiacha huru mikusanyiko ya biashara, dini na burudani. Lakini watu hao hao wakiinua mabango na kuanza safari ya kuelekea mjini, tayari ni maandamano, na mkuu wa kituo cha polisi (OCS) ataanza kuuliza nani aliwaruhusu.

Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka sokoni. Burma yenyewe ina jina la vita: ni kumbukumbu ya askari wa jeshi la kikoloni la KAR waliopelekwa Asia kupigana na Wajapani. Mmoja wa askari hao, Waruhiu Itote, baadaye aliingia msituni na wapiganaji wa Mau Mau akajulikana kama Jenerali China. Ng'ambo ya barabara ni Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, na ukumbi wake ambao wazee wa huko hupenda kuuita bunge la kwanza la Waafrika. Ukumbi ulikuwa wa manispaa, hivyo waliokutana humo kuupinga utawala walikutania chini ya paa la utawala huo huo.

Aprili 23, 1950, chama cha Waafrika cha KAU na chama cha Wahindi cha East African Indian National Congress walifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni. Makhan Singh, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, tena bila kungoja. Wiki tatu baadaye, Mei 15, alikamatwa pamoja na Fred Kubai, rais wa shirikisho hilo. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Walitaka viongozi wao waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Mgomo ulidumu zaidi ya wiki moja, vitoa machozi vikirushwa mitaani. Makhan Singh hakurudi nyumbani hadi Oktoba 1961.

Sasa tazama tarehe. Sheria ya Utulivu wa Umma ilianza kutumika Juni 13, 1950, hata mwezi haujaisha tangu mgomo uanze. Sioni haja ya kutafuta sababu yake mbali na mitaa hii ya Eastlands. Chini ya utaratibu wa leseni, anayetaka mkutano wa hadhara alipiga magoti mbele ya mkuu wa wilaya, naye DC aliweza kukubali, kukataa, au kunyamaza hadi siku ipite.

Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika na sheria ikabaki, kwa kuwa waliorithi serikali waligundua utamu wake upesi. Chama cha KPU cha Oginga Odinga kilinyimwa leseni za mikutano mara kwa mara. Bildad Kaggia, aliyefungwa na Waingereza pamoja na Kenyatta kule Kapenguria, alifungwa tena 1968, safari hii na serikali ya Kenyatta, kosa likiwa mkutano usio na leseni. Mwaka uliofuata KPU kikapigwa marufuku.

Kisha ikaja zamu ya Kamukunji, uwanja ulio karibu na Gikomba. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliomba kufanya mkutano huko Julai 7, 1990, kudai vyama vingi. Walinyimwa kibali, na siku tatu kabla ya mkutano wakatiwa kizuizini. Watu walikwenda hata hivyo, na Saba Saba ikageuka damu. Novemba 16, 1991, wapinzani wa FORD nao wakajaribu pasipo leseni, wakakutana na virungu. Mkutano wao wa kwanza wenye ruhusa Kamukunji ulifanyika Januari 1992, baada ya Kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kuondolewa kwenye Katiba. Umati ulikuwa mkubwa mno, wala nchi haikuanguka.

Leseni yenyewe iliondoka mwishoni mwa 1997, baada ya vurugu za Saba Saba nyingine na maafikiano ya wabunge ya IPPG. Tangu hapo mwandalizi humpa OCS taarifa tu, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Anaandika jina na anwani yake, tarehe, saa, na uwanja au njia watakayopita, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. OCS anaweza kukataa tarehe hiyo ikiwa mwingine ametangulia kuarifu kwa mahali na saa hiyo hiyo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 37, ikakita haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha.

Hata hivyo, mara ngapi umesikia afisa akitangaza kwamba maandamano "hayajaruhusiwa"? Lugha ya DC wa 1950 ingali hai vituoni. Na vijana wa Juni 2024, waliojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha bila kiongozi wala ofisi, waliibua tatizo ambalo sheria haikulitarajia: jina la nani liandikwe kwenye barua? Julai 18 mwaka huo kaimu Inspekta Jenerali, Douglas Kanja, alipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi akitaja ukosefu wa viongozi. Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na jambo la kuandamania, andika taarifa wala usiandike ombi. Ipeleke kwa wakati, igongwe muhuri, na nakala ibaki mfukoni mwako.