Nywele za mbele zinapungua? Jua sababu, uwahi kabla hazijaisha

Morogoro. Pita saluni za Msamvu, Kihonda au zile za jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu siku za mwisho wa wiki, utakuta wanawake wamejaa wakisubiri kusukwa rasta, twende kilioni na wivingi. Ukitazama vizuri, utaona pia kitu ambacho wengi wanakificha kwa wigi au kilemba: paji la uso linazidi kupanda juu, na pembeni mwa masikio ngozi imeanza kubaki wazi.

Tatizo hili lina wakati wake. Ukiwahi, nywele zinarudi zenyewe. Ukichelewa, hakuna mafuta wala dawa ya dukani itakayozirudisha.

Kwa ufupi

• Nywele kupungua mbele na pembeni mara nyingi ni kwa sababu ya kuvutwa.
• Kupungua utosini, kichwa kizima au kwa viraka vya duara kuna sababu nyingine.
• Msuko unaouma ni msuko uliokazwa kupita kiasi. Ulegezwe siku hiyohiyo.
• Ngozi ikiwa laini na ya kung'aa, bila vishimo vya nywele, huenda kovu limeshaingia.

Nywele ngapi zikidondoka ni kawaida?

Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000. Kila unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, unapumzika karibu miezi mitatu, kisha unadondoka na mwingine unaota palepale. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa.

Hapa wengi hujitia hofu bure. Ukikaa na rasta wiki sita, yaani siku 42, nywele zilizokuwa zidondoke kila siku zinabaki zimenaswa humo ndani. Kwa hesabu ya nywele 50 tu kwa siku, siku ya kufumua utatoa zaidi ya 2,000 kwa mkupuo. Lile bonge kwenye kitana linatisha, lakini zilikuwa nywele za kuondoka.

Jambo la kuangalia ni ncha. Unywele uliodondoka una kidoa cheupe mwishoni. Kipande kifupi kisicho na kidoa hicho ni unywele uliokatika, na hapo tatizo ni ukavu, dawa ya kulainisha au moto wa pasi.

Sababu kubwa ya mbele: kuvutwa

Tatizo la nywele kung'oka kwa kuvutwa halikuanza na rasta, wala si la Waafrika peke yao. Mwaka 1907 daktari mmoja aliandika kuhusu wanawake wa Greenland, kwenye barafu huko, waliokuwa wanapoteza nywele za mbele kwa kuzibana juu kwa nguvu.

Kwa nywele zetu za kipilipili, utafiti unaotajwa sana ulifanyika Cape Town, Afrika Kusini, na timu ya Profesa Nonhlanhla Khumalo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 waliopimwa alikuwa na dalili za tatizo hili. Kwa wasichana wa shule ilikuwa asilimia 17, na lilizidi kadiri walivyopanda madarasa.

Timu hiyo ilibaini jambo jingine muhimu: hatari huwa kubwa zaidi pale nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha zinaposukwa rasta au wivingi juu yake. Dawa hudhoofisha unywele, halafu uzito na mvuto vinamalizia kazi.

Kwetu Tanzania shule nyingi za serikali huwataka wasichana wakate nywele fupi. Mtihani wa kidato cha nne ukiisha, nywele zinaachwa. Zikifika inchi chache tu, anaweka dawa, mwezi haujaisha anasuka rasta ndefu hadi kiunoni. Nywele changa, fupi, zenye dawa, zinabeba mzigo mzito. Akifika chuoni, iwe SUA au Mzumbe, mbele pameshaanza kurudi nyuma.

Dalili za kuangalia kwenye kioo

1. Maumivu au kuumwa kichwa baada ya kusukwa. Ukilazimika kumeza dawa ya maumivu ili ulale, msuko huo unakudhuru.

2. Vipele vidogo kwenye shina la nywele, wakati mwingine vyenye usaha.

3. Vinywele vichache vifupi vilivyobaki mstari wa mbele kabisa, na nyuma yake uwazi. Madaktari wa ngozi huitumia sana alama hii kutambua tatizo la kuvutwa.

4. Ngozi laini, inayong'aa, isiyo na vishimo vya nywele. Hapa umechelewa. Unywele huota kutoka kwenye kishimo kidogo ndani ya ngozi. Kishimo kikivutwa miaka na miaka, kinageuka kovu. Na kovu halioti nywele.

Ukiwa kwenye namba 1 hadi 3, bado una nafasi. Acha kuvuta na upumzishe nywele kwa miezi kadhaa. Nywele hukua taratibu, kama sentimita moja au pungufu kwa mwezi, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya tatu.

Zikipungua utosini

Kuna aina nyingine inayowapata zaidi wanawake weusi wa umri wa kati. Huanzia utosini, inapanuka kama duara na kuacha kovu. Wengine huhisi muwasho, kuungua au maumivu wakigusa. Wengine hawahisi chochote.

Zamani lawama zote zilikwenda kwenye kitana cha moto na dawa za nywele. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Profesa Ncoza Dlova wa Afrika Kusini, walichapisha ushahidi kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni inayohusika na uundaji wa unywele. Kwa maneno mengine, kama mama au shangazi alipungukiwa nywele utosini, wewe jihadhari mapema. Hapa usingoje, kwa sababu matibabu huzuia uharibifu usiendelee, lakini hayafuti kovu lililokwisha kuingia.

Kama mstari wa katikati unapanuka polepole bila muwasho wala kovu, inaweza kuwa ni upungufu wa kurithi, ambao huonekana zaidi hedhi inapokoma.

Mwili ukipata shida, nywele husema baadaye

Nywele huchelewa kutoa taarifa. Ukiugua malaria kali leo, ukafanyiwa upasuaji au ukapungua uzito kwa haraka, nywele zitaanza kudondoka miezi miwili au mitatu mbele. Ndiyo maana watu hulaumu mafuta waliyonunua juzi, kumbe chanzo kilipita zamani.

Mama aliyejifungua huona hali hii mtoto akiwa na miezi miwili hadi minne. Haisababishwi na mtoto kuanza kumtambua mama yake, kama wanavyosema mtaani. Ni homoni zinarudi kawaida baada ya ujauzito. Kwa wengi nywele hujaa tena kabla mtoto hajatimiza mwaka au muda mfupi baadaye.

Upungufu wa damu nao unahusika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hedhi nzito, minyoo, malaria na lishe duni ni miongoni mwa sababu zake. Madini ya chuma yakipungua, mwili huyapeleka kwanza kwenye viungo vya lazima, nywele zinasubiri.

Tukiwa Morogoro hatuna kisingizio kikubwa cha chakula. Njegere na maharage yanashuka kutoka Mgeta, mchicha na matembele yapo kila genge, dagaa wapo. Kula pamoja na chungwa au nanasi la Matombo na Kinole, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kunyonya chuma. Chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya mlo, maana huzuia chuma kuingia mwilini.

Matatizo ya tezi ya shingo, kaswende na kubadilisha njia ya uzazi wa mpango yenye homoni pia vinaweza kupunguza nywele. Haya hayaonekani kwa macho, yanahitaji vipimo.

Viraka vya duara: si wachawi

Mtu akiamka na kiraka cha duara kisicho na unywele hata mmoja, haichukui muda mtaani wataanza kusema kanyolewa usiku. Ukweli ni kwamba kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia vishimo vya nywele. Kiraka huwa laini, hakiumi, na mara nyingi nywele huota tena.

Kama kiraka kina magamba, kinawasha na nywele zimekatikia kwenye ngozi, huenda ni mapunye. Ni fangasi, huwapata zaidi watoto, na huambukizwa kwa kuchangia vitana, kofia na mashine za kunyolea. Kupaka krimu peke yake hakutoshi. Hutibiwa kwa vidonge kutoka hospitali.

Wanaobeba mizigo kichwani

Kwenye vijiji vya milima ya Uluguru wanawake hushusha ndizi, mboga na kuni kichwani, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Mzigo unaosuguliana na nywele palepale kila siku hukata nywele za utosini. Kata nene ya nguo laini iliyoviringishwa vizuri, na kutosuka fundo kubwa utosini, hupunguza msuguano.

Jinsi ya kujikinga

• Sema mapema. Kabla msusi hajaanza, mwambie: "Dada, mbele na pembeni usikaze." Ikiuma, asimamishe na kulegeza. Msusi mzuri hatachukia.

• Acha nywele laini za mbele kabisa nje ya msuko. Hazina nguvu ya kubeba rasta.

• Chagua rasta za wastani, si nyembamba sana na ndefu sana. Zile zinazoanza na nywele zako mwenyewe bila fundo kwenye shina huvuta kidogo zaidi.

• Usikae na msuko zaidi ya wiki sita hadi nane. Ukifumua, pumzisha wiki mbili au zaidi kabla ya kusuka tena.

• Usiweke dawa na kusuka wiki hiyohiyo. Ukirudia dawa, ipakwe kwenye nywele mpya tu, na kwa nafasi ya wiki nane au zaidi.

• Badilisha mtindo. Mkia wa farasi uleule, palepale, kila siku nao ni kuvuta.

• Unayevaa hijabu au kilemba, usibane nywele kwa nguvu chini yake, na usizifunike zikiwa mbichi. Usiku lala na kitambaa laini cha satini.

• Wigi ya gundi mbele iwe ya siku maalumu, isiwe ya kila siku. Gundi ikibanduliwa hutoka na nywele.

• Nenda na kitana chako saluni.

Mafuta na dawa: yapi yanafanya kazi?

Mafuta ya nazi na ya nyonyo hulainisha na kupunguza nywele kukatika. Hayo yanatosha kuyasifia. Hayafufui kishimo kilichogeuka kovu, hata ukipaka mara tatu kwa siku.

Minoxidil, iliyoanza kama dawa ya presha, ina ushahidi wa kusaidia baadhi ya aina za upungufu wa nywele. Inahitaji miezi minne hadi sita kuonyesha matokeo, na haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Usiinunue kwa sababu rafiki yako ilimfaa. Tatizo lake huenda si lako.

Epuka michanganyiko isiyo na lebo inayouzwa mitandaoni. Kama hakijaandikwa kilichomo, hujui unapaka nini.

Lini uende hospitali?

Nenda mapema ukiona usaha, maumivu au muwasho usioisha, viraka, ngozi inayong'aa, au nywele zikidondoka kwa wingi zaidi ya miezi sita. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, eleza unavyosuka, umejifungua lini, hedhi ikoje na dawa unazotumia. Kipimo cha wingi wa damu ni mwanzo mzuri.

Ukihitaji rufaa, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Wataalamu wa ngozi wapo pia Muhimbili, Dar es Salaam, ambako siku hizi kwa treni ya SGR ni chini ya saa mbili. Moshi kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ndani ya KCMC, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho hufundisha madaktari na maofisa tabibu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Na kama nyumbani una binti aliyemaliza kidato cha nne juzi, mwonyeshe makala haya kabla hajakaa kwenye kiti cha saluni kwa mara ya kwanza. Nywele zake bado zote zipo.