Mwalimu wa Kiswahili wa Berlin

Tarehe 27 Januari 1933, siku tatu kabla Adolf Hitler hajakabidhiwa serikali, kijana mzaliwa wa Dar es Salaam alifunga ndoa Berlin na mwanamke aitwaye Maria Schwandner. Bwana harusi alizaliwa mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Mimi nafundisha wageni Kiswahili hapa Dar, kwa hiyo kabla ya yote kwangu huyu ni mwenzangu wa kazi. Kiswahili ndicho alichofundisha Berlin kwa karibu miaka kumi.

Enzi za Mjerumani, ndoa kama ile isingefungika alikozaliwa. Mwaka 1906, Husen akiwa bado anashika kanga ya mama, utawala wa Kijerumani wa Afrika Mashariki ulipiga marufuku kusajili ndoa za Wazungu na wenyeji. Kulala na wanawake wa Kiafrika hakukukatazwa. Mabwana waliendelea, na watoto chotara wakaendelea kuzaliwa. Kilichoogopwa ni cheti. Cheti kingempa mke haki zake, na mtoto angepata uraia wa baba. Mwaka 1912 Bunge la Ujerumani liliazimia ndoa hizo zitambuliwe, azimio likaishia kwenye makabrasha. Ujerumani kwenyewe, hata hivyo, hapakuwa na sheria ya kuzizuia, na hapo ndipo Husen na Maria walipopatia upenyo.

Alifikaje huko? Baba yake, mwenye asili ya Sudani, alikuwa askari wa Mjerumani. Vita vilipoanza mwaka 1914 mtoto naye akaingia jeshini, miaka kumi tu. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, kule Lindi, akatekwa na Waingereza. Baadaye akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Dawa ya deni kulipa, lakini Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba muda wa madai umekwisha. (Ile Sanamu ya Askari hapa Dar, pale Posta, ya mwaka 1927, ni ya waliopigana upande wa Mwingereza. Akina Husen hawamo.)

Akabaki. Usiku alihudumia meza Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, na chuo kikuu alikuwa msaidizi wa lugha kwa Kiswahili. Msaidizi, si mhadhiri. Naijua kazi hiyo: mwenye shahada anaeleza ngeli ubaoni, wewe unaitwa kutamka tu. Sema ng'ombe. Rudia. Ng'ombe. Mwanafunzi anakusikiliza kama anayesikiliza santuri, halafu anamgeukia profesa kuuliza maana. Tofauti ni kwamba wanafunzi wangu wanakuja kuchimba visima na kuandika tasnifu. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo waliokuwa wakijiandaa kurudi kututawala.

Alicheza pia filamu, nyingi za kuipamba enzi ya ukoloni. Moja inanikaa kooni: *Carl Peters*, ya mwaka 1941. Peters ndiye yule mwasisi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki aliyeitwa Mkono wa Damu. Akiwa Kilimanjaro mwaka 1891 na 1892 aliamuru wanyongwe mtumishi wake Mabruk na Jagodja, msichana wa Kiafrika aliyekuwa akilala naye mwenyewe. Serikali yake ilimfukuza kazi mwaka 1897. Hitler akamrudishia heshima mwaka 1937. Na Husen, mtoto wa Dar, akapewa nafasi ya kumwigizia mkalimani mwaminifu.

Mwaka huohuo wa 1937, watoto chotara wapatao 400 wa eneo la Rhein, ambao baba zao wengi walikuwa askari wa makoloni ya Ufaransa, walihasiwa kwa siri. Tangu mwaka 1935, chini ya sheria za Nürnberg na kanuni zake, ndoa kama ya Husen hazikuruhusiwa tena. Yeye alikuwa kishaoa, akaachwa.

Hakuwa malaika. Alikuwa na mtoto kwa mwanamke mwingine wa Kijerumani, na Maria alimpokea mtoto huyo nyumbani. Agosti 1941, miezi michache baada ya filamu ya Peters kutoka, alikamatwa akituhumiwa uhusiano na mwanamke mweupe nje ya ndoa. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Peters, kwa makosa ya chumbani mabaya kuliko hayo, alipata sinema.

Wanafunzi huniuliza kama alimpenda Maria kweli au alitafuta makaratasi. Swali hilo silipendi, maana hakuna anayeliuliza juu ya ndoa za mabaharia wa Kizungu. Huwa nawaelekeza kwenye *Afterlives*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2020, ambamo Ilyas anafuata njia inayokaribiana sana na ya Husen: uaskari, Ujerumani, Sachsenhausen. Gurnah anampa dada wa kumngojea pwani na mpwa anayekwenda Ujerumani kumtafuta kwenye nyaraka. Mke Mjerumani anatajwa kwa kupita tu, na hapo ndipo ninapogombana na kitabu hicho ninachokipenda: Maria alikubali jina la Husen mwezi uleule ambao Ujerumani ilikuwa ikimchagulia mabwana wapya, na mwanamke wa namna hiyo alistahili sura nzima.