Mawe 25 Juu ya Mto Loire

Jana miguu iligoma. Siku nne nilikuwa nakanyaga pedeli peke yangu kutoka Nantes, naufuata mto Loire kuelekea Orléans, mizigo nyuma, hema juu ya mizigo, upepo wa bahari ukinisukuma mgongoni. Asubuhi ya tano nikashindwa hata kuchuchumaa kuwasha jiko. Nikasema basi, leo baiskeli inalala.

Nilikuwa nimepiga hema kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto, hapa mjini Amboise. Ukichungulia nje unachokiona ni kasri, limekaa juu ya mwamba ng'ambo ya maji. Sasa jamani, mtu utalalaje huku kitu kama kile kinakuangalia? Nikavaa kandambili, nikavuka daraja taratibu kama mzee.

Kwa wasiolifahamu bonde hili: kuanzia karne ya 15 wafalme wa Ufaransa walipenda sana kukaa huku, ndiyo maana makasri yamejipanga kama vituo vya daladala. Chambord, Blois, Chaumont, Chenonceau. Mwaka 2000 UNESCO iliitia sehemu kubwa ya bonde kwenye orodha ya urithi wa dunia. Amboise ni moja ya yale ya mwanzo mwanzo. Mfalme Charles VIII alizaliwa humo mwaka 1470, akalijenga upya, na akafia humohumo mwaka 1498 baada ya kujigonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Fikiria: mtu amevuka milima ya Alps na jeshi lake, ameuteka mji wa Napoli, halafu anakuja kuuawa na mlango wa nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 27 tu.

Kilichonifurahisha mimi mwendesha baiskeli ni mnara wa Heurtault. Ndani yake kuna njia pana ya mteremko inayozunguka, iliyojengwa ili farasi wapande kutoka mjini hadi juu kwenye kasri bila mpanda farasi kushuka. Nikaitazama nikajisemea, ningekuja na baiskeli yangu humu! Halafu magoti yakanikumbusha.

Lakini msidhani ni mahali pa raha tu. Machi 1560 kundi la Waprotestanti lilipanga kumteka mfalme Francis II, kijana wa miaka 16, ili kumtoa mikononi mwa ukoo wa Guise uliokuwa ukitawala kwa jina lake. Njama ikavuja. Waliokamatwa wakanyongwa na miili ikaning'inizwa kwenye kuta za kasri hili hili tunalopigia picha. Wengine wakatoswa mtoni.

Watalii wengi hapa wanamfuata Leonardo da Vinci. Mfalme Francis I alimkaribisha Amboise mwaka 1516, akampa nyumba karibu na kasri, na mzee akafariki mwaka 1519. Mabaki yanayoaminika kuwa yake yamo kwenye kanisa dogo pembeni ya ua. Nilipanga foleni kama wengine, nikapiga picha, nikatoka.

Nilipokuwa natafuta kivuli cha kunyoosha miguu ndipo nikaingia kwenye kona moja ya bustani ambako hakukuwa na foleni. Kuna mawe 25, madogo, ya rangi ya mchanga, yameandikwa Kiarabu. Nikasimama. Kiarabu, katikati ya kasri la wafalme wa Ufaransa?

Hapo ndipo siku yangu ilipogeuka.

Mawe hayo ni kumbukumbu ya watu wa Amiri Abdelkader wa Algeria. Huyu bwana alitoka kwenye familia ya viongozi wa tarika ya Kadiria, tarika ileile inayojulikana sana Zanzibar na Bagamoyo. Aliwapiga vita Wafaransa kuanzia mwaka 1832 hadi 1847. Alipoona watu wake wamechoka, alijisalimisha kwa masharti: apelekwe Aleksandria au Akka, akaishi kwenye nchi za Kiislamu. Mtoto wa mfalme Louis-Philippe, aliyekuwa gavana huko Algeria, akakubali.

Ahadi haikutimizwa. Amiri akashushwa Toulon, Ufaransa. Februari 1848 Louis-Philippe akapinduliwa, na serikali mpya ikasema haifungwi na maneno ya waliopita. Novemba mwaka huo Amiri, familia yake na wafuasi wake wakaletwa Amboise, kasri ambalo lilikuwa mali ya mfalme huyohuyo aliyepinduliwa. Wakakaa miaka minne ndani ya kuta hizi, kwenye baridi ambayo hawakuizoea. Wengine hawakutoka. Wamo wanawake, wamo watoto.

Oktoba 1852 Louis-Napoléon Bonaparte alikuja mwenyewe kumwambia yuko huru. Amiri akaenda Uturuki, kisha Damascus. Mwaka 1860 ghasia zilipozuka huko na Wakristo wakawa wanauawa, mfungwa huyu wa zamani aliwaficha maelfu yao na kuwalinda. Ufaransa, iliyomvunjia ahadi, ikampa nishani yake ya juu. Alifariki mwaka 1883.

Shuleni tulimkariri Samori Toure, ambaye Wafaransa walimkamata mwaka 1898 wakampeleka Gabon akafia huko mwaka 1900. Abdelkader sikumsikia hata siku moja. Nimekuja kukutana naye huku, kwa sababu ya maumivu ya magoti.

Mawe yale yaliwekwa mwaka 2005, kazi ya msanii wa Algeria Rachid Koraïchi. Yamechongwa kwa jiwe la Aleppo, Syria. Yaani miaka zaidi ya 150 ilipita kabla ya marehemu wale kupata alama ya heshima kama hiyo. Na jambo lenyewe halijapoa. Februari 2022 sanamu ya chuma ya Amiri iliyowekwa mjini hapa iliharibiwa saa chache kabla ya kuzinduliwa. Sherehe ikaendelea hivyo hivyo, sanamu ikiwa imejeruhiwa.

Nilikaa pale hadi jua likaanza kushuka upande wa Tours. Watu walikuwa wanapita kuelekea kwa Leonardo, wachache wanageuza shingo, wanasoma kidogo, wanaendelea. Siwalaumu. Asubuhi yake na mimi nilikuwa nimekuja kuona vitanda vya wafalme.

Ila nina swali, nanyi mnisaidie kulijibu. Leonardo alikaa Amboise miaka mitatu, akiwa mgeni. Abdelkader alikaa minne, akiwa mfungwa. Kwa nini mmoja namjua tangu darasa la tano, na mwingine, Mwafrika mwenzangu, nimemjua jana?

Leo miguu imepona. Naelekea Blois.