Mafundi wa Kihindi na Mafundi Wenyeji katika Meru na Embu

Swali linaloulizwa leo kuhusu wataalamu wa kompyuta kutoka nje, kama wanawanyima vijana wetu riziki, Meru na Embu nchini Kenya zilikwisha kukutana nalo zamani. Wakoloni walifungua boma la Embu mwaka 1906 na la Meru mwaka 1908, na punde wakaja Wahindi wenye maduka, washonaji, waashi na maseremala. Wengi wao walijilipia nauli. Hawakuwa wale vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901, kwani wengi wa hao walikwisha kurudi kwao. Fundi mwenye heshima kabla ya hapo alikuwa muturi, yaani mhunzi, na huko Mbeere, upande wa Embu, chuma kiliyeyushwa kutokana na mchanga mweusi wa mitoni, kikafuliwa simi, mikuki, shoka na kengele za mifugo. Uyeyushaji ulikufa, na wapo wanaomlaumu Mhindi. Kilichouua ni waya na vyuma vya viwanda vya ng'ambo, ambavyo muturi mwenyewe alivinunua dukani akaendelea kufua. Mgeni alileta bidhaa iliyofunga tanuru, na bidhaa hiyohiyo ikampa mfuaji malighafi bila jasho la mkaa na mivukuto.

Ufundi mpya ulizaliwa kwenye baraza ya duka la Mhindi. Mwenye duka aliuza kitambaa ndani. Nje, kijana Mwafrika alikanyaga cherehani, akampima mteja, akamshonea kaptula ya kaki akalipwa kwa kipande. Aliyejua kazi alihitaji mashine tu ili ajitegemee. Serikali nayo ilifungua chuo cha ufundi Kabete mwaka 1924, na waashi na maseremala waliotoka huko waliajiriwa badala ya Wahindi kwa sababu walilipwa kidogo. Basi aliyeshushiwa bei ya kazi yake hapo alikuwa mgeni. Ujira wa Mwafrika ulibanwa na ngazi za mishahara zilizopangwa kwa rangi: hata mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali, ilipendekeza asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu, na ngazi hizo hazikupingwa rasmi hadi Tume ya Lidbury ya 1954. Huo ulikuwa uamuzi wa serikali, na naona ndio uliowaumiza mafundi kuliko ushindani wowote.

Itasemwa kwamba Wahindi waliuficha ujuzi ndani ya ukoo. Katika biashara hoja hii ina uzito: mali kwa mkopo, daftari la hesabu na jina la muuzaji wa jumla wa Nairobi vilirithiwa na mwana au mpwa, na kijana wa barazani hakuvigusa. Lakini mkopo haukuzuiwa na ukoo peke yake: Mwafrika hakuwa hata na hati ya shamba ya kuwekea rehani, maana utoaji wa hati ulianza kwa kishindo baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zilipowabana wasio raia, na wengi wakakimbilia Uingereza mwaka uliofuata, ushonaji haukuyumba, kwa kuwa waliokanyaga cherehani walikuwa wenyeji tangu zamani. Waafrika waliochukua maduka yao ndio waliopata taabu: walipewa leseni, rafu na kaunta, wakaachwa watafute wenyewe wa kuwakopesha shehena ya kwanza.