Kushirikisha saraka kati ya mfumo mwenyeji na mazingira yaliyotengwa

Kushirikisha saraka ni utaratibu unaoiwezesha saraka moja ya kompyuta mwenyeji kuonekana pia ndani ya mazingira yaliyotengwa, kama vile makontena, jela za FreeBSD na mashine pepe, bila faili kunakiliwa. Data hubaki palepale kwenye diski; kinachoongezeka ni njia ya kuifikia.

Haja hii ilitokana na utengaji wenyewe. Chroot, iliyoanza katika Unix mwaka 1979, huibadilishia programu mzizi wa mti wa faili, isiweze kutaja chochote kilicho nje ya saraka iliyopewa. Kiungo laini hakisaidii hapo, kwani njia iliyoandikwa ndani yake hutafutwa kuanzia mzizi mpya, ambako faili haipo. Kwa hiyo kerneli yenyewe ndiyo huipachika saraka mahali pa pili. FreeBSD, iliyoleta jela katika toleo 4.0 la mwaka 2000, hutumia nullfs kwa kazi hiyo. Linux ilipata upachikaji wa namna hii katika toleo 2.4, na Docker, programu ya makontena iliyotoka mwaka 2013, huutumia kushirikisha saraka. Mashine pepe, kwa kuwa ina kerneli yake, huhitaji itifaki ya kati kama 9P au virtiofs.

Kinachowasumbua wasimamizi zaidi ni umiliki wa faili. Kerneli haimtambui mtumiaji kwa jina bali kwa namba. Mtumiaji 1000 wa mwenyeji na mtumiaji 1000 wa kontena, hata wakiwa na majina tofauti, kwake ni mmoja. Katika makontena yasiyo na mamlaka namba hizo huhamishwa: msimamizi mkuu, ambaye ndani ni 0, nje huwa 100000, kwa mfano. Faili ambayo namba ya mmiliki wake haimo katika ramani hiyo huonekana ndani kuwa ya 65534, mtumiaji aitwaye nobody, na kuiandika hukataliwa. Hapo wengi hutoa ruhusa ya 777. Ni tiba mbaya, maana huifungulia saraka kila programu inayoweza kuifikia, hata zile za mwenyeji. Tiba ya kweli ni upachikaji unaotafsiri namba, uliokuja na Linux 5.12 mwaka 2021.

Kwa usalama, saraka ishirikishwe ile tu inayohitajika, na ipachikwe kwa kusomwa tu pale ambapo kontena halina la kuandika. Lakini kinga hiyo haifui dafu mbele ya soketi ambayo Docker hupokelea amri, /var/run/docker.sock. Hata ikipachikwa kwa kusomwa tu, programu iliyo ndani bado inaweza kuungana nayo na kuagiza kontena jipya lililopachikiwa mzizi mzima wa mwenyeji. Kontena lililopewa soketi hiyo lihesabiwe kuwa na mamlaka yote ya msimamizi mkuu.