Herufi Si Sauti: Hoja ya Unukuzi wa Kifonetiki katika Kiswahili

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kauli hiyo ina ukweli wa kutosha kumfikisha mtoto kwenye kusoma kwa muda mfupi, lakini imewafanya wengi waamini kuwa aliyezijua herufi amekwisha kuzijua sauti. Makala haya yanashikilia kwamba sauti ni kitu na herufi ni kitu kingine, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anauhitaji unukuzi wa kifonetiki, yaani kuandika sauti zenyewe kwa alama zake, kama anavyoihitaji sarufi.

Tuchukue neno paa. Mzungumzaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, akiweka kiganja mbele ya midomo na kumtaja paa wa porini, pumzi humpiga kiganjani. Akilitaja paa la nyumba, pumzi hiyo haipo. Hutokea hivyo kwa sababu katika neno la kwanza midomo huachana kabla nyuzi sauti hazijaanza kutetema, na hewa hupenya katikati. Wanafonetiki huita hali hiyo mpumuo, na huiandika kwa h ndogo ya juu: mnyama ni [pʰaa], sehemu ya nyumba ni [paa]. Ndivyo ilivyo kwa kaa wa baharini, [kʰaa], na kaa la moto, [kaa]. Othografia sanifu haionyeshi tofauti hiyo; msomaji huokolewa na muktadha na upatanisho wa kisarufi.

Mfano wa pili ni mbuni. Ndege huyu ana silabi mbili, [ᵐbu.ni], lakini mtu anayebuni ana tatu, [m̩.ɓu.ni]. Katika neno hili la pili, m inasimama yenyewe kama silabi, na b inayoifuata hutamkwa kongomeo likishuka kidogo, hewa ikivutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Upande mwingine, herufi mbili pamoja na ritifaa katika ng'ombe zinawakilisha sauti moja tu, [ŋ], ilhali ngoma huanza na [ŋg].

Alama hizi zinatokana na kazi ya Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichoasisiwa Paris mwaka 1886 na walimu wa lugha wakiongozwa na Paul Passy. Msingi wao ulikuwa kwamba kila sauti inayotofautisha maana ipewe alama yake, ileile kwa lugha zote. Hata hivyo, haja yenyewe si ngeni pwani yetu. Hati ya Kiarabu haikuwa na herufi za p, ch wala g, na katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeshirikiana na mmisionari William Taylor, aliziongezea herufi zilizokuwapo alama ili zibebe sauti za Kimvita. Baadaye Charles Sacleux, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alionyesha mpumuo na tofauti za lahaja ambazo tahajia sanifu ilikuwa ikiziacha.

Yupo atakayeuliza: kwa nini tuhangaike na mpumuo ikiwa wazungumzaji wengi wa bara hawautumii, na mawasiliano hayakwami? Swali hilo lina uzito kuhusu tahajia, na sipendekezi tahajia ibadilishwe. Kuandika kwa pamoja kunadai tuzifumbie macho baadhi ya tofauti. Lakini kazi ya unukuzi ni nyingine: haumwambii mtu aseme nini, unaandika alichosema. Mtafiti anayekwenda Lamu, Pemba au Lubumbashi akiwa na alfabeti ya shule peke yake atarudi na Kiswahili sanifu daftarini, hata kama hakukisikia kwa yeyote.

Kwa hiyo vyuo vya ualimu vifundishe unukuzi kwa vitendo, kwa kiganja na kwa sikio, na kamusi zetu ziandike matamshi mahali ambapo leo paa wawili wanatenganishwa kwa namba tu. Pumzi ile ya mzungumzaji wa Kimvita ndiyo inayobeba maana; isipoandikwa angali hai, hakuna herufi itakayotuambia kwamba iliwahi kuwapo.