Kutoka Kumbukumbu hadi Kaseti: Funzo la Watazamaji wa Nyumbani kwa Mhakiki wa Fasihi

Mtahiniwa anapodai kwamba mhusika fulani ni katili au ni mzalendo, msahihishaji humuuliza: ithibati iko wapi? Swali hili halimkabili mtahiniwa wa Kiswahili pekee. Watazamaji wanaobadilishana maoni kuhusu filamu na tamthilia walizo nazo nyumbani wamelazimika kulijibu pia. Katika makala haya tutaangazia mfano mmoja, Doctor Who, tamthilia ya runinga ya shirika la BBC la Uingereza, ili tuone jinsi hukumu ya mtazamaji inavyobadilika anapoishika mkononi kazi anayoihakiki.

Doctor Who ilianza kuonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963. Inasimulia visa vya msafiri anayezuru nyakati na sayari mbalimbali. Siku hizo mtazamaji wa kawaida hakuwa na njia ya kuhifadhi picha za runinga. Alikuwa kama hadhira ya ngano: utendaji ukiisha, hubaki kile tu kilichonaswa na kumbukumbu. Lakini fanani wa ngano huweza kuombwa arudie. BBC, kwa upande wake, ilifuta kanda nyingi za tamthilia hii katika miaka ya 1960 na 1970, kwani kanda zilikuwa ghali na ziliweza kutumiwa tena, na haki za kurudia vipindi zilikuwa na mipaka. Hadi mwisho wa mwaka wa 2013, vipindi 97 vilikuwa bado havijapatikana, hata baada ya vipindi tisa kugunduliwa mwaka huo katika mji wa Jos, Nigeria.

Hata hivyo, kuna watazamaji waliokuwa wakiweka kinasasauti kando ya runinga na kurekodi. Ni kwa juhudi zao kwamba sauti za vipindi vyote vilivyopotea zingalipo. Mwalimu wa fasihi simulizi ataitambua kazi hii mara moja, kwani ni ukusanyaji hasa. Ataitambua pia kasoro yake: kinasasauti hakinasi maleba, ishara za uso wala miondoko. Kuanzia mwaka wa 1973, mashabiki walipata pia vitabu vya Target vilivyosimulia visa hivyo kwa nathari. Kwa hivyo mtazamaji aliyetoa maoni yake wakati huo aliegemea kumbukumbu, sauti, au maandishi ya mtu mwingine.

Tazama kilichotokea kwa kisa cha The Tomb of the Cybermen. Kilionyeshwa Septemba 1967 katika vipindi vinne, kisha kikapotea. Kwa miaka mingi kilisifiwa kama kilele cha tamthilia nzima. Waliokiona utotoni walikumbuka viumbe wa kutisha wakichomoka katika makaburi ya barafu, na waliozaliwa baadaye wakaipokea sifa hiyo kama urithi. Kanda zake zikapatikana Hong Kong, na Mei 1992 kisa hicho kikauzwa katika kaseti za VHS. Kila aliyenunua aliweza sasa kusimamisha picha, kuirudisha nyuma na kuitazama upya. Wengi waliendelea kukisifu, hasa uigizaji wa Patrick Troughton. Lakini walibaini pia waya zilizomwinua mwigizaji, na sanamu tupu iliyotumiwa mahali pa adui katika pambano.

La uzito zaidi ni usawiri wa Toberman. Huyu ni mtumishi Mweusi, pande la mtu, ambaye hasemi ila maneno machache na ambaye hatimaye hufa akiwaokoa wenzake. Watazamaji waliokuwa na kaseti waliuliza: mbona mhusika huyu amepewa misuli akanyimwa sauti? Swali hilo haliulizwi kwa urahisi na mtu anayekumbuka tu makaburi yakifunguka. Kumbukumbu huhifadhi taharuki. Ukimya wa mhusika mdogo huonekana na anayetazama kwa mara ya pili, akihesabu ni nani anayesema na ni nani asiyesema.

Mizani iliweza kuelemea upande wa pili pia. The Gunfighters, kichekesho cha mwaka wa 1966 kuhusu mapigano ya Tombstone kule Marekani, kilibezwa kwa miaka mingi. Kipindi chake cha mwisho kilipata asilimia 30 tu katika kipimo cha BBC cha kuridhika kwa watazamaji. Kilipotolewa katika kaseti mwaka wa 2002, baadhi ya watazamaji walishangaa kukuta ucheshi mwerevu na uigizaji uliochangamka. Kazi yenyewe haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mtazamaji aliacha kurudia hukumu ya waliomtangulia, akaitazama kwa macho yake.

Je, haya yanatuhusu vipi? Mwanafunzi wetu ana bahati ambayo mtazamaji wa mwaka wa 1967 hakuwa nayo: kitabu teule kimo mkobani mwake. Hata hivyo, wako watahiniwa wanaoingia katika chumba cha mtihani wakiwa wamekariri mwongozo, ilhali riwaya yenyewe hawajaifungua. Hao wanamiliki kaseti wasiyoitazama. Mwongozo ukikosea, wote hukosea kwa sauti moja. Ukimsahau mhusika mdogo, naye husahaulika darasani.

Mwalimu mwenzangu, jaribu zoezi hili. Chagua hukumu moja iliyozoeleka kuhusu mhusika wa kitabu teule. Ligawe darasa katika makundi mawili: moja litafute kurasa zinazoiunga mkono hukumu hiyo, la pili litafute zinazoipinga. Kisha uwaulize ni mhusika gani asiyepewa nafasi ya kusema, na kwa nini. Nawe mtahiniwa, usihofu jibu lako likitofautiana na la mwongozo, mradi umelikita katika matini. Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Basi fungua kitabu, urudi nyuma kurasa kadhaa, usome tena.